Pate: Kisiwa Ambako Hata Serikali Husubiri Maji Yajae

MSAFIRI anayetaka kwenda Faza, katika kisiwa cha Pate, haanzi kwa kuuliza nauli. Akifika gatini mjini Lamu huuliza kwanza maji yatajaa saa ngapi. Leo mashua ikiondoka saa tatu asubuhi, kesho itaondoka karibu na saa nne, na kesho kutwa itakawia zaidi, kwa sababu maji ya bahari huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mgeni wa bara aliyezoea mabasi ya Nairobi na Mombasa anaweza kudhani anachezewa. Wenyeji hawana wasiwasi. Wanajua kwamba bahari haina meneja wa kupelekewa malalamiko.

Ikitoka Lamu, mashua huingia Mkanda, mkondo mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na nchi kavu, mikoko ikiwa imesimama pande zote mbili kama watu waliopanga foleni. Maji yakijaa, chombo kilichosheheni abiria, magunia ya unga, mabati, magodoro na mbuzi wawili watatu hupita bila taabu. Maji yakipwa, pale pale pageuka tope na mizizi, na nahodha aliyekosea hesabu hana budi kutwaa upondo au kukaa kitako akisubiri. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Njia ya pili ni kuizunguka Manda kwa upande wa bahari kuu, lakini wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, mawimbi ya huko hayana mzaha na chombo kidogo.

Baada ya Mkanda bahari hufunguka. Huko upande wa nchi kavu, mahali paitwapo Kililana, ndipo palipojengwa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Winchi zake zaonekana kwa mbali, ndefu kuliko mnara wowote wa kisiwani. Mashua ya abiria hupita mbele ya bandari hiyo na kuendelea na safari yake hadi Mtangawanda, wanakoshukia watu wa Pate mjini na Siyu, kisha Faza, kisha Kizingitini, mji wa wavuvi wa kamba. Kutoka Lamu hadi Faza kwa mashua ya kawaida ni mwendo wa saa mbili hadi tatu. Wanaokwenda Ndau na Kiwayu, kuelekea Kiunga na mpaka wa Somalia, wana safari ndefu zaidi ya hiyo.

Ndugu msomaji, usidhani unakwenda mahali palipokuwa pori. Huko Shanga, kusini mwa kisiwa cha Pate, wataalamu waliochimba katika miaka ya 1980 walikuta msikiti umejengwa juu ya msikiti, wa kale zaidi ukiwa wa karne ya nane. Utendi wa Tambuka, ambao ni miongoni mwa kazi kongwe kabisa za Kiswahili zilizohifadhiwa kwa maandishi, ulitungwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona, aliyemwachia binti yake wasia kwa utenzi mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwaka 1844 majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar, yaliyokuja kuwatia adabu watu wa Siyu, yalipata kipigo ambacho hayakukitarajia, na amiri wao akauawa. Nairobi wakati huo haikuwako. Ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899.

Ninayataja haya kwa sababu mtu akiitwa mkazi wa pembezoni mwa nchi, huanza kudhaniwa kwamba hajui kudai kilicho chake. Watu wa Pate walijua kodi, barua na mikataba kabla ya wengi wetu. Kilichobadilika ni mahali pa kudai. Zamani mtawala alikuwa Pate mjini au Siyu, umbali wa kutembea kwa miguu. Baada ya uhuru akawa mkuu wa wilaya mjini Lamu, na wakubwa wake wakawa Mombasa na Nairobi. Tangu 2013 kumekuwa na gavana na bunge la kaunti, na ofisi nyingi ziko Lamu mjini na ng'ambo ya pili, Mokowe. Madaraka yamesogea karibu, hilo halina ubishi. Lakini kati ya madaraka hayo na Faza bado kuna maji.

Tena maji hayo ndiyo barabara pekee. Eneo bunge la Lamu Mashariki, linalojumuisha Pate, visiwa vya Ndau na Kiwayu na ukanda wa pwani hadi Kiunga, lilikuwa na watu wapatao 22,000 katika sensa ya 2019. Wengi wao ni Wabajuni. Zamani jamii hii ilikuwa na vijiji na mashamba katika nchi kavu ya upande wa pili, lakini vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwafukuza wengi, wakakimbilia visiwani na mijini, na vijiji vingine havikurudiwa tena. Barabara ya kutoka Mokowe kwenda Kiunga nayo imekuwa ya hofu kwa miaka mingi kutokana na mabomu yanayotegwa na Al-Shabaab na mashambulizi mengine. Mwaka 2017 hata katibu wa wizara alivamiwa katika barabara za Lamu akiwa safarini kikazi, na baadaye akafa kutokana na majeraha. Kwa hiyo mtu wa Kiunga anayetaka kwenda mjini kwa usalama hutazama baharini, kama mwenzake wa Kiwayu.

Sasa hebu tufikirie mama mja mzito wa Kizingitini ambaye uchungu umemshika saa sita za usiku, na mkunga ameona kwamba mtoto amekaa vibaya. Kisiwani kuna hospitali, nayo iko Faza. Lakini mambo mazito hupelekwa hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na yakizidi uwezo wa hapo, Malindi au Mombasa. Anayemhudumia mama huyo huanza kupiga hesabu ambayo daktari wa Nairobi hajawahi kuipiga maishani mwake. Maji yako wapi sasa? Mkanda unapitika? Kama haupitiki, bahari ya nje ikoje? Boti ipo, lakini nahodha yuko wapi? Nahodha amepatikana, petroli je? Petroli imepatikana, nani ataipa askari wa doria habari kwamba chombo kinachokuja gizani kimebeba mgonjwa?

Swali hili la mwisho si la kubuni. Baada ya watalii kushambuliwa na kutekwa nyara huko Kiwayu na Manda mwaka 2011, na hasa baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, serikali ilitoa amri za kutotembea usiku na kupiga marufuku uvuvi wa usiku. Sababu za usalama zilikuwapo na hakuna mwenye akili atakayezikana. Lakini uchungu wa uzazi haujui amri ya kutotoka nje.

Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma kungekuwa bure. Tangazo hilo lilishangiliwa nchi nzima, na lilistahili. Ila mtu wa kisiwani aliuliza, bure kuanzia wapi? Kitanda kilikuwa bure, na mkunga alikuwa bure, lakini petroli ya mashine ya kumfikisha mama kwenye kitanda hicho haikuwa bure, na usiku wenye mashua hawakopeshi kila mtu. Yule anayeishi Kisumu au Nakuru akitoka kwake kwa miguu, kwa pikipiki au kwa teksi, gharama yake ni ndogo kiasi kwamba hata haihesabiwi. Wa Kizingitini gharama yake kubwa ni hiyo ya njiani.

Na sheria haisemi kwamba matibabu huanzia mlangoni mwa hospitali. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma anayopewa mgonjwa kabla hajafika hospitali, na mipango ya kumhamishia penye uwezo zaidi. Kwa lugha ya kawaida, boti ni sehemu ya matibabu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Serikali zetu, ya kitaifa na za kaunti, zina mazoea ya kuhesabu majengo. Mwishoni mwa mwaka utasikia zahanati kadhaa zimejengwa, madarasa kadhaa yamefunguliwa, boti ya wagonjwa imenunuliwa. Picha hupigwa, utepe hukatwa. Mtu wa kisiwani huhesabu kwa kipimo kingine kabisa: saa ngapi kutoka kitandani mwangu hadi kwa daktari, maji yakiwa yamepwa, usiku, kusi likivuma? Boti isiyo na petroli ni pambo la gatini. Boti yenye petroli lakini nahodha wake hulipwa kwa saa za ofisi ni pambo la gatini baada ya saa kumi na moja jioni.

Tazama mfano wa Likoni. Mtu anayevuka kwa miguu kutoka Likoni kwenda kisiwani Mombasa halipi hata senti moja. Ni haki yake, na naomba isiguswe, kwa sababu bila feri kazi za Mombasa zingelala. Serikali ilikubali zamani kwamba mkono ule wa bahari ni barabara, na kwamba barabara ya umma haitozwi mtu anayetembea kwa miguu. Lakini ukienda kaskazini hadi Lamu, bahari ile ile, ya nchi ile ile, inageuka kuwa biashara ya watu binafsi. Anayekwenda Faza hulipa nauli kamili. Mwanafunzi hulipa, mwalimu anayefuata barua yake ya uhamisho hulipa, kijana anayefuatilia kitambulisho hulipa, na akiambiwa arudi wiki ijayo hulipa tena. Likoni ni barabara na Mkanda si barabara. Nani aliyeamua hivyo, na lini?

Sidhani kuna mtu aliyeketi akaamua. Ilitokea tu, kwa sababu wanaopanga mambo hawaioni bahari. Chukua utaratibu wa kugawa fedha kwa kaunti. Ule wa kwanza, ulioanza na ugatuzi, ulitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, asilimia 25 sawa kwa wote, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa nidhamu ya matumizi. Ule uliopitishwa na Seneti Septemba 2020, baada ya mvutano wa miezi, ulibadilisha mizani na kuongeza vigezo vingine, kimojawapo kikiwa asilimia 8 kwa hali ya barabara za mashambani. Ardhi ikahesabiwa asilimia 8, barabara 8. Bahari ikapata sufuri. Lamu, yenye watu 143,920 kwa sensa ya 2019, ndiyo iliyopokea fungu dogo kuliko kaunti zote 47, kiasi cha shilingi bilioni 3.1 kwa mwaka chini ya utaratibu huo. Ni kweli kwamba watu wake ni wachache. Lakini zahanati ya Kiwayu haiwi rahisi kuendeshwa kwa sababu watu wa Kiwayu ni wachache. Huwa ghali zaidi, kwa kila dawa, kila mfuko wa saruji na kila muuguzi anayepelekwa huko.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu maji ya kunywa, na hapa kisiwa kina kejeli yake, kuzungukwa na maji na kukosa ya kunywa. Mji wa Lamu umebahatika kuwa na michanga ya Shela, ambayo huhifadhi maji matamu chini yake. Pate hawana bahati hiyo. Visima vingi vina maji ya chumvi chumvi, na tangu zamani watu wamejenga majabia, birika kubwa za kukinga maji ya mvua. Mvua zikikosa kunyesha, jabia hukauka. Bara, ukame ukizidi, lori la maji hutumwa. Lori haliogelei. Maji ya Ndau na Kiwayu hubebwa kwa madumu ndani ya mashua kutoka kwingine, na gharama ya dumu hupanda na kushuka pamoja na bei ya petroli.

Moto pia. Mwaka 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Faza. Nyumba zilizobanana, mapaa ya makuti, upepo, na mamia ya familia wakabaki nje katika mwezi wa Ramadhani. Zimamoto ya kutoka nchi kavu haiwezi kuvuka bahari, hata ikipewa dereva hodari kuliko wote. Kisiwa cha makuti huhitaji pampu zake, mabirika yake na watu waliofundishwa, tayari kisiwani, kabla moto haujawaka.

Wapo watakaosema dawa ni moja, serikali inunue vivuko vyake na mambo yatakwisha. Mimi nasita kidogo. Jirani zetu wa Tanzania wanavyo vivuko vya serikali katika Ziwa Victoria, na mnamo Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeidhinishwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Kwa hiyo hata chombo kikiwa cha umma, lazima awepo mtu wa kuuliza kila siku kimebeba wangapi. Na chombo kikiwa cha mtu binafsi vivyo hivyo. Agosti 2017 boti iliyobeba watu wa ukoo mmoja ilizama katika bahari ya Lamu, na zaidi ya kumi wakaangamia. Tunayo Mamlaka ya Bahari ya Kenya yenye wajibu wa kukagua vyombo, na tangu Novemba 2018 tunacho kikosi cha walinzi wa pwani. Abiria wa Kizingitini anayo haki ya kujua mashua anayopanda ilikaguliwa lini, na jaketi za kuokoa maisha ni ngapi, na kama zinamtosha mtoto.

Je, watu wa visiwani wanaweza kuiuliza serikali na wakajibiwa? Wameshafanya hivyo, tena kwa jambo kubwa kuliko boti. Mwaka 2012 wakazi wa Lamu walikwenda Mahakama Kuu kuhusu mradi wa bandari ile ile ya Kililana. Walilalamika kwamba hawakupewa habari, hawakushirikishwa, na kwamba uchimbaji wa kina cha bahari na ukataji wa mikoko ungewanyima wavuvi riziki. Kesi ilikwenda miaka sita. Aprili 30, 2018 mahakama ilikubali kwamba haki zao za kupata habari, za kushirikishwa, za utamaduni na za mazingira safi zilikuwa zimevunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko huko Lamu, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopasa.

Kushinda kesi na kulipwa ni mambo mawili. Gati lilipofunguliwa Mei 2021, miaka mitatu baada ya hukumu, wavuvi walikuwa bado wanadai fedha zao. Meli zilifika kabla ya hundi. Hata hivyo hukumu ile iliacha kitu ambacho hakuna anayeweza kukirudisha nyuma: mtu wa kisiwani akiuliza, swali lake lina uzito wa kisheria.

Wengi hawajui kwamba Katiba yenyewe imelitaja jambo hili karibu na mwanzo kabisa. Kifungu cha 6 kinasema kila chombo cha serikali ya kitaifa kihakikishe huduma zake zinafikika ipasavyo katika sehemu zote za nchi. Kifungu cha 174 kinataja miongoni mwa makusudi ya ugatuzi kwamba huduma ziwe karibu na zifikike kwa urahisi kote nchini. Kifungu cha 204 kikaweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Lamu ilikuwa kati ya kaunti 14 za kwanza kutambuliwa. Hazina hiyo ilikwama kwa miaka mingi katika mabishano ya kanuni na kesi, na Katiba iliipa miaka 20 tu tangu 2010, isipokuwa Bunge liongeze muda.

Ziko pia nafasi za kila mwaka ambazo hupita kimya kimya. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo sheria inataka wananchi wasikilizwe. Vizuri. Lakini mkutano ukiitwa saa nne asubuhi upande wa nchi kavu, mzee wa Kiwayu aondoke kwake saa ngapi, na alale wapi? Mkutano wa bajeti wa watu wa visiwani ufanywe visiwani, siku ambayo maji yanawaruhusu wa Ndau kufika na kurudi kwao mchana. Kalenda ya mwezi ipo, haihitaji mshauri wa kulipwa.

Na yule asiyeweza kufika mkutanoni anaweza kuandika. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu Mkenya yeyote kuomba habari kutoka ofisi ya umma, na inasema wazi kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika asaidiwe na afisa wa ofisi hiyo. Jibu litoke ndani ya siku 21, na kama habari inahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Akinyimwa, aende kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman.

Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Isiulize serikali ina mpango gani kwa visiwa, kwa kuwa swali hilo litajibiwa kwa hotuba. Iulize mambo yanayohesabika. Mwaka huu wa fedha boti ya wagonjwa ya Lamu Mashariki imetengewa lita ngapi za petroli, na zimetumika ngapi? Manahodha wake ni wangapi na nani yuko kazini usiku? Mashine iliharibika siku ngapi? Wagonjwa wangapi walisafirishwa kutoka Kizingitini, Ndau na Kiwayu, na kila mmoja alitumia muda gani hadi kufika kwa daktari? Wangapi walijikodia mashua wenyewe? Ofisi ikijibu, kijiji kitakuwa na hesabu ya kupeleka kwa diwani na kwa gavana. Ofisi ikisema haina kumbukumbu hizo, hilo nalo ni jibu, na litaandikwa kwenye karatasi yenye mhuri.

Kupeleka ombi hilo hakutozwi ada. Kinachoweza kulipiwa ni gharama ya kunakili karatasi tu. Nauli ya mashua ya kuifikisha barua, kwa sasa, ni juu ya mwandishi wake.